Mkono Ulioshika Kipaza Sauti

Kabla ya njuga kulia, palikuwa na mkono. Huo ndio nilioondoka nao usiku ule. Mkono wa kuume wa mchezaji, ncha za vidole zimekolezwa rangi nyekundu mpaka kwenye pingili ya kwanza, katikati ya kiganja duara jekundu kama jua linalozama, na ndani ya mkono huo kipaza sauti cheusi, waya wake umezungushiwa selotepu pale ulipochunika. Alikishika kama mtu anavyoshika mchi. Dakika chache baadaye mkono huohuo ungekuwa yungiyungi, ungekuwa swala, ungekuwa mwezi mwandamo na mlango unaobishwa hodi. Lakini kwa sasa ulikuwa ngumi tu iliyofumba chuma, na mwenyewe, wanja umevutwa karibu ufike masikioni, alikuwa akitueleza kwa upole wa mwalimu wa darasa la kwanza yale tutakayoyaona. Hili ni ua. Huyu ni nyuki. Hapa mama anamwita mwanawe Krishna aje upesi. Tukajifunza. Tukacheka alipotaka tucheke, na gizani wengine wakajaribu kulichanua ua kwa vidole vyao wenyewe. Kisha akampa kijana mmoja kile kipaza sauti, akaenda katikati ya jukwaa, akachutama nusu, magoti yamefunguka pande mbili, matuazi yakagongwa, na ngoma ikaanza.

Ulikuwa ukumbi mmoja mjini Dar es Salaam, feni zinazunguka juu bila kupunguza joto. Safu za mbele walikaa Wahindi wa mjini, kinamama wa sari zilizonyooka na wazee waliokuja na wajukuu. Nyuma yao sisi wengine, na hapa na pale Mzungu mwenye karatasi ya ratiba mapajani. Ua lilipokuja, mnong'ono ulipita safu hadi safu: ua! Alipokuja nyuki, mnong'ono tena, safari hii kwa furaha zaidi, maana nyuki ni mgumu kidogo. Nami nilinong'ona. Ilinichukua muda kung'amua kwamba sikuwa natazama ngoma, nilikuwa naisahihisha. Nilikaa pale na majibu kichwani kama msimamizi wa mtihani, nikiweka alama ya vema kila ishara ilipotokea, na kati ya vema moja na nyingine sikuona kitu, ingawa katikati hapo yule mwanamke alikuwa akifanya kwa shingo na nyusi mambo ambayo hakuna aliyekuwa ametueleza.

Asiyejua maana haambiwi maana. Nimekua na methali hii na sijawahi kuipenda. Nyumbani kwetu ilitumika kama komeo: mtoto akiuliza kwa nini watu wazima wamecheka, mlango unafungwa, komeo linaingia. Ni methali ya wenye funguo. Usiku ule, hata hivyo, iligeuka ikanionyesha upande wa pili. Pengine haikatazi mtu kuambiwa. Pengine inasema tu kwamba maana haiambiki; kwamba kinachoambika ni kitu kingine, chepesi zaidi, kama jina la mtaa unaloambiwa kabla hujawahi kuutembea.

Chukua mkono mmoja tu. Vidole vinne vimenyooka na kushikana, kidole gumba kimekunjwa kidogo kando yake. Wenyewe huuita pataka, yaani bendera, na ndio wa kwanza katika mikono ishirini na minane ya upande mmoja iliyoorodheshwa na kitabu cha kale cha Kisanskriti, Abhinaya Darpana. Mwanafunzi huikariri mikono hiyo yote kwa wimbo kabla hajaruhusiwa kusimulia lolote. Sasa huo mkono wa bendera maana yake nini? Kitabu kinajibu: wingu. Na msitu. Na mto, na usiku, na farasi, na upepo, na wimbi, na kuapa, na kukataza, na kunyamaza, na mengine mengi. Mgeni akisikia hivyo hushika kichwa. Mimi nilicheka, kwa kuwa nimezaliwa ndani ya lugha ambamo paa ni mnyama, paa ni kichwa cha nyumba, kupaa ni kwenda juu, na samaki naye hupaliwa magamba kabla ya kukaangwa. Hakuna mtoto wa pwani aliyepewa orodha ya paa zote asubuhi moja. Alimwona mamake na kisu na changu mkononi, akajua ni kupaa kupi. Na bendera ile vivyo hivyo: macho yakiinuka na mkono ukipita polepole kwa juu, ni wingu, mkono uleule ukitetema chini kiunoni, macho yakifuata mkondo, ni mto. Ishara peke yake haisemi. Inasemeshwa na jicho, na wimbo, na lile lililotangulia. Anayetuambia "mkono huu ni wingu" hakosei, ila ametupa neno lililokwisha kung'olewa kwenye sentensi yake.

Lakini naona nimeshaanza kumlaumu mchezaji, na sina haki. Nani aliyempa kile kipaza sauti? Ni sisi tuliokaa mbele yake. Na huyu "mgeni" anayeelezwa ni nani hasa? Kinamama wale wa safu ya mbele, wengi wao ni watu ambao babu zao walitoka Kutch na Gujarat, magharibi ya India. Nyumbani husema Kikutchi au Kigujarati. Ngoma ile, bharatanatyamu, imetoka kusini, nchi ya Watamili, na nyimbo zake ni za Kitamili, Kitelugu, Kikannada na Kisanskriti. Mama aliyeketi mbele yangu, mwenye jasmini kichwani, alikuwa anategemea maelezo yale kama mimi. Tofauti yetu ni kwamba yeye alimjua mungu Krishna tangu utotoni, na mimi nilimjua kwa kupita mbele ya maduka yenye picha yake juu ya meza ya keshia. Ugeni una ngazi zake. Hakuna aliyekuwa chini kabisa wala juu kabisa.

Na mgeni huja na mzigo wake. Mwaka 1838 wanawake watano wachezaji na wanaume watatu wa kuwapigia muziki walitolewa Tiruvendipuram, karibu na Pondicherry iliyokuwa koloni la Wafaransa, wakasafirishwa kwa mkataba hadi Paris, kisha London. Walikuwa wachezaji wa hekalu. Aliyepata jina kuliko wote aliitwa Amany. Mwandishi Théophile Gautier alimwandika kwa mapana, na mchongaji Auguste Barre akamtengeneza sanamu ndogo ya shaba nyeusi. Sasa fikiria hao watu wa Paris. Miaka minane kabla yake walikuwa wameshatazama, katika opera yao wenyewe, hadithi ya mungu na mchezaji wa Kihindi, na aliyecheza ni Marie Taglioni, nyota wa baleti, mwenye sketi nyeupe na viatu vya hariri. Kwa hiyo alipotokea mchezaji wa Kihindi mwenye miguu mitupu, visigino vinapiga sakafu badala ya kuruka hewani, wengi walikuwa na picha mfukoni ya kumlinganisha nayo. Gautier alitazama sana ngozi ya wachezaji wale, mapambo yao, macho yao. Hakupata maelezo kwenye kipaza sauti, na sidhani kama ukosefu huo ulimfanya aone zaidi yangu.

Kisha likaja lile la kuchekesha, kama mtu ana nguvu za kucheka. Ruth St. Denis, Mmarekani, aliona bango la sigara lenye mungu wa kike wa Misri ya kale, akashikwa na hamu ya Mashariki, na mwaka 1906 akapanda jukwaani New York kucheza ngoma aliyoiita Radha, kwa muziki wa Mfaransa Delibes. Misri, India, Paris, na tumbaku: vyote vimo katika chungu kimoja. Watu walijaa. Mgeni alipewa India isiyohitaji maelezo yoyote kwa sababu ilitungwa kutokana na yale aliyokuwa nayo kichwani. Nikifikiria hilo, waya wenye selotepu unaanza kupata heshima machoni pangu. Angalau mwenye kipaza sauti anakiri kwamba kuna kitu hatukijui.

Sitaki pia tujidanganye kwamba kuna ngoma safi iliyokaa kwao ikingoja kupelekwa ng'ambo. Uday Shankar alikuwa mwanafunzi wa uchoraji London alipokutana na Anna Pavlova, Mrusi wa baleti, wakacheza pamoja Radha na Krishna mwaka 1923. Akaja kuwa jina kubwa la ngoma ya India Ulaya na Marekani kabla hajakaa miguuni pa mwalimu kwa miaka kama desturi itakavyo. Pavlova huyohuyo ndiye aliyemhimiza Rukmini Devi, binti wa Kibrahmin aliyekuwa akivutiwa na baleti, atazame ngoma za kwao. Rukmini alipocheza hadharani mwaka 1935, huko Adyar mjini Madras, katika uwanja wa Wateosofia, jumuiya ya kiroho, wageni walikuwa miongoni mwa watazamaji wake wa kwanza. Mwaka uliofuata akaanzisha shule, Kalakshetra. Ngoma iliyokuwa ikiitwa sadir, ya wanawake waliowekwa wakfu kwa mahekalu, wanawake ambao jamii ya wasomi ilishaanza kuwaonea aibu, ikapata katika miaka hiyohiyo jina jipya la bharatanatyamu, mavazi mapya, na mabinti wa familia nyingine kabisa. Wapiga muziki, ambao zamani walisimama nyuma ya mchezaji na kumfuata hatua kwa hatua, wakaketishwa kando ya jukwaa, nadhifu, hawamgusi mtu. Mwaka 1947 sheria ya Madras ikapiga marufuku kuweka wasichana wakfu. Kwa hiyo kabla ngoma haijapanda ndege, ilikuwa imeshapita mbele ya wageni wa nyumbani: watu wa Madras waliokata tiketi, wakakaa kwenye viti, wakahitaji kuhakikishiwa kwamba wanachokiona ni cha heshima.

Na hapo ndipo kipaza sauti kilipojifunza uongo wake mdogo. Kuna nyimbo katika ngoma hii ambamo mwanamke anamsuta mpenzi wake aliyerudi alfajiri ananukia manukato ya mwingine. Jukwaani siku hizi utaambiwa: ni roho ya binadamu inayomlilia Mungu. Si uongo mtupu. Wale waliozitunga waliweza kushika mambo yote mawili kwa mkono mmoja. Ila ukimtangazia mgeni lile la pili tu, umemvua mwanamke yule hasira yake. T. Balasaraswati, aliyezaliwa mwaka 1918 katika ukoo wa wanamuziki na wachezaji wa jadi hiyo ya zamani, alilishikilia hilo maisha yake yote: mapenzi ndiyo kiini, hayahitaji kusafishwa. Mtu aliyekulia kwenye taarabu anamwelewa mara moja. Sisi tunajua wimbo unavyoweza kuwa wa Mtume, wa mume na wa jirani kwa pamoja, na kwamba jirani ndiye anayeusikia kwanza.

Vitabu vya kale vya India vina neno kwa mtazamaji wa kweli: rasika, mwenye kuionja rasa. Rasa ni utomvu, ni ladha. Natyashastra, kimojawapo cha vitabu hivyo, inafananisha jambo hilo na chakula kilichochanganywa viungo vingi, ambacho mlaji hakitafuni kiungo kimojakimoja bali huonja kilichozaliwa humo. Nimewahi kusimama jikoni kwa watu nikitajiwa kila bizari iliyoingia kwenye pilau, na pilau yenyewe nikaletewa kwenye sahani ya kahawa. Ndivyo ninavyoona maonyesho mengi ya ngoma hizi kwa wageni. Kathakali ya Kerala, ambayo desturi yake ni kuanza usiku mbele ya taa ya mafuta na kwenda mpaka alfajiri, katika kumbi za watalii za Kochi hufungashwa ndani ya saa moja au zaidi kidogo. Lakini mgeni hukaribishwa aje mapema atazame mchezaji akipakwa uso kijani, na kabla ya hadithi anaonyeshwa jinsi macho yanavyozungushwa, na hasira inavyokaa kwenye shavu. Jiko lote, kijiko kimoja.

Kinachokatwa ni nini? Hili ndilo limenikaa. Katika bharatanatyamu ile ngoma kuu, varnamu, huweza kukaribia saa nzima, na maneno yake unaweza kuyaandika nyuma ya bahasha. Mwimbaji hurudia mstari uleule, tena, na tena. Kila unaporudi, mchezaji anaushika kwa namna nyingine: mara hii anaita kwa kubembeleza, mara hii kwa kutishia, mara hii amejifanya hajali na jicho moja liko mlangoni. Hakuna habari mpya. Ukihesabu kwa maana, marudio kumi na tano ni ya kupoteza; mwenye kupanga tamasha la ng'ambo, aliyepewa dakika ishirini kati ya kwaya na wapiga gitaa, lazima aanzie hapo kukata. Anaacha maana, anakata muda. Kisha, kufidia, anaongeza maelezo. Nami naamini kwamba mgeni angeweza kupewa kinyume chake. Kamusi angeipata kokote. Marudio hayo hawezi kuyapata mahali pengine, na ndiyo yanayomfundisha mtu kusoma bila kufundishwa: ukiona mama akimwita mwanawe mara ya nane, hakuna haja ya mtu kukwambia ni mama.

Mwaka 1976 Satyajit Ray, Mbengali, mtu wa pembe nyingine ya nchi na lugha nyingine, alitengeneza filamu fupi juu ya Balasaraswati. Humo yupo ufukweni, bahari nyuma yake, anacheza wimbo huohuo wa kumwita Krishna. Ni wimbo wa Kikannada, nayo pia si lugha ya nyumbani kwake. Ana miaka hamsini na kitu, mwili umejaa, na upepo hauna adabu: unapeperusha sari, unaikunja, unaisukuma mguuni. Mtu mwingine angesubiri upepo utulie. Yeye anaita. Mkono unakwenda, unarudi, unangoja. Uso unaona kitu mbali, unakikosa, unakiona tena. Sijui neno hata moja la Kikannada zaidi ya jina la huyo anayeitwa. Nimeitazama mara nyingi kuliko inavyofaa, na kila mara hufika mahali ninapogeuka kidogo kwenye kiti kuangalia upande anaouangalia. Mwanamke huyu alikuwa amecheza Jacob's Pillow, Massachusetts, mwaka 1962, na mwenye jukwaa hilo alikuwa Ted Shawn, mume wa Ruth St. Denis na zamani mwenzi wake wa ngoma. Miaka hamsini na sita kutoka ile Radha ya New York mpaka hapo. Nyumba ni ileile, mgeni ni yuleyule. Safari hii walau alinyamaza akatazama.

Nasi tuna yetu. Marehemu Bi Kidude alizipeleka ngoma za unyago kwenye majukwaa ya Ulaya, ngoma ambazo kwao Unguja hupigwa wanawali wakifundwa, milango imefungwa, mwanamume hatii mguu. Nimejiuliza mwenye kipaza sauti angesema nini pale. Na kama angesema ukweli wote, nani angebaki kitini.

Nirudi ukumbini, maana sikwenda peke yangu. Nilimwalika shangazi yangu, mtu wa Tanga, mpenzi wa taarabu tangu zama za santuri. Alinaswa na foleni, akaingia maelezo yakiwa yamekwisha, akajishusha kitini kwa pumzi nzito na kufungua viatu. Hakuambiwa ua wala nyuki. Wimbo wa Krishna ulipewa, nadhani, dakika nane. Katikati yake nikasikia zipu ya mkoba. Shangazi alikuwa ametoa noti ya elfu tano, ameikunja kwa urefu, na tayari ameshaweka mkono kwenye kiti cha mbele ili ainuke. Kwao ndivyo msikilizaji anavyojibu: unanyanyuka, unakwenda kwa maringo hatua kwa hatua mpaka kwa mwimbaji, unamtunza, na ukumbi wote unajua umeguswa wapi. Nikamshika kifundo cha mkono. "Shangazi, hapa hawatunzi." Alinitazama kama mtu aliyekatazwa kuitikia salamu. Akairudisha noti, akafunga mkoba, akaketi wima mpaka mwisho, mikono imetulia mapajani kama ya wote.

Kwenye bajaji hakusema kitu mpaka tulipofika eneo la Fire.

"Sasa yule mtoto," akasema, "alikuja?"

"Mtoto gani, shangazi?"

"Wa yule mama. Anayeitwa."

Nikafungua karatasi ya ratiba kwa mwanga wa simu. Ilitaja jina la wimbo, lugha yake, raga yake na tala yake, yaani sauti na mapigo, na kwamba mama anamwita Krishna. Ya kufika haikuyasema.

"Maana mimi nilimwona," shangazi akasema, akivuta mtandio kuzuia vumbi. "Yuko pale mlangoni, amejificha, anacheka. Mara wakakata ngoma, wakawasha taa."